Kutazama maajabu ya ardhi kwa setilaiti: mwongozo kamili kwa wanaoishia jangwani

Malalamiko ni yaleyale. Mtu ameandika namba za Kilimanjaro kwenye Google Earth, programu imempeleka jangwani. Mwingine amefika Richat, lile duara kubwa la miamba kule Mauritania, akakuta mchanga mtupu, akaamua kwamba zile picha zinazosambaa ni za kutengenezwa.

Programu haina kosa. Picha za setilaiti zinataka ujue mambo matatu kabla hujagusa kitufe: mahali penyewe kwa namba, ukubwa wa kitu unachokitafuta, na tarehe ya picha iliyo mbele yako. Ukikosa moja, utapita juu ya kitu chenyewe bila kukiona. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiruke ya kwanza hata kama unaona unaijua.

## Mahitaji

- Google Earth Pro kwenye kompyuta. Ni ya bure. Simu inatosha kwa hatua mbili za mwanzo, lakini kupima umbali na kurudi kwenye picha za miaka ya nyuma ni rahisi zaidi kwenye kompyuta.
- Copernicus Browser. Hii haipakuliwi, unaifungua kwenye kivinjari. Humo mna picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazopita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 5 hivi. Fungua akaunti ya bure ili uweze kupakua picha.
- Kipanya chenye gurudumu. Kukuza picha kwa vidole kwenye laptopu kunachosha na kunakupotezea mahali.
- Daftari na kalamu. Namba zinasahaulika haraka.
- Bando la kutosha, au WiFi. Kabla ya kuanza, ondoa tiki kwenye majengo ya 3D katika orodha iliyo upande wa kushoto. Yanakula bando, na huku tunakokwenda hakuna ghorofa.

## Hatua ya 1: Andika namba za mahali sawasawa

Hapa ndipo wengi wanapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kila mahali duniani pana namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwenda kaskazini au kusini. Ya pili ni longitudo, umbali kutoka mstari wa Greenwich kwenda mashariki au magharibi. Kusini mwa ikweta, latitudo inawekewa alama ya kutoa mbele yake. Magharibi mwa Greenwich, longitudo ndiyo inayowekewa alama hiyo.

Jaribu kilele cha Uhuru. Andika hivi kwenye kisanduku cha kutafuta:

-3.076, 37.353

Sasa angalia makosa yanavyokupeleka mbali. Ukisahau alama ya kutoa, 3.076, 37.353 itakushusha jangwa la Chalbi, kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Ukigeuza mpangilio ukaandika 37.353, -3.076, utatua kusini mwa Hispania. Basi ukijikuta Chalbi, usiilaumu intaneti. Rudi ukaweke alama.

Kuna mitego mingine mitatu.

Mkato na nukta. Waliosoma kwa mfumo wa Kifaransa, kama wenzetu wa Kongo na Burundi, wamezoea kuandika 1,52. Programu inataka 1.52. Mkato unatumika tu kutenganisha latitudo na longitudo.

Alama iliyonakiliwa. Ukinakili namba kutoka kwenye tovuti, mara nyingi alama ya kutoa inakuja ikiwa kistari kirefu ambacho programu haikielewi. Ifute, uandike mwenyewe kwa kibodi.

Dakika na sekunde. Kilwa Kisiwani huandikwa 8°57′28″ kusini, 39°31′22″ mashariki. Huo si mfumo wa desimali. Ukiandika -8.5728, 39.3122, utakosea kwa karibu kilomita 50. Gawa dakika kwa 60, gawa sekunde kwa 3600, kisha jumlisha:

57 ÷ 60 = 0.95
28 ÷ 3600 = 0.008
Latitudo: -8.958

31 ÷ 60 = 0.517
22 ÷ 3600 = 0.006
Longitudo: 39.523

Kumbuka pia kwamba digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwa hiyo desimali mbili zinakufikisha ndani ya kilomita moja hivi, na desimali tatu ndani ya mita mia na ushei. Kwa kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, mbili zinatosha. Kwa mchoro wa Nazca, ile michoro ya kale iliyochorwa ardhini kule Peru, tumia tatu au zaidi.

*Umefaulu ukiona:* barafu nyeupe iliyobaki vipandevipande juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na mbele kidogo upande wa kaskazini, duara ndani ya duara.

Kama unataka kujipima, tafuta Kisiwa cha Kati katika Ziwa Turkana: 3.50, 36.04. Safari hii hakuna alama ya kutoa, kwa sababu ni kaskazini mwa ikweta. Utaona kisiwa kidogo chenye maziwa matatu ndani ya kreta zake, ziwa ndani ya ziwa. Watu waliozoea kuweka alama kila mara hujikuta wameruka mpaka Tanzania.

## Hatua ya 2: Panda kwenye kimo kinachofaa

Anayeona mchanga mtupu kule Richat amefika mahali penyewe. Tatizo ni kwamba ameshuka mno. Richat ina upana wa kilomita 40 hivi. Ukiitazama kutoka kimo cha kilomita 2, ni sawa na kubandika pua kwenye ukuta uliochorwa.

Kanuni ninayoitumia: kimo cha jicho, yaani umbali unaotazamia kutoka ardhini, kiwe mara moja na nusu ya upana wa kitu. Hapo kitu kinajaza zaidi ya nusu ya skrini, na mazingira yake yanaonekana.

- Richat (21.124, -11.402), kilomita 40: kimo cha kilomita 60
- Ngorongoro (-3.2, 35.5), kilomita 19: kimo cha kilomita 30
- Kreta ya Kibo, kilomita 2.5: kimo cha kilomita 4
- Shimo la majivu ndani ya Kibo, mita 350: kimo cha mita 500

Onyo: kimo kinachoonyeshwa chini kulia kwenye Google Earth Pro kinahesabiwa kutoka usawa wa bahari, hakianzii ardhini. Kilele cha Uhuru chenyewe kiko mita 5,895. Ukisubiri kisomeke kilomita 4 ukiwa juu ya Kibo, utasubiri sana. Jumlisha: 5.9 na 4, lenga kilomita 10. Kwa shimo la majivu, lenga kilomita 6.4 hivi. Richat iko chini, kwa hiyo huko tofauti haijalishi.

Na kwa kuwa tumeitaja: Richat haikupigwa na kimondo, ingawa duara lake linawadanganya wengi. Ni kuba la miamba lililoinuliwa kutoka chini, kisha likaliwa na upepo na maji. Tabaka ngumu zimebaki zimesimama na laini zimekwisha, ndiyo maana kutoka juu linafanana na kitunguu kilichokatwa katikati. Ukiandika longitudo bila alama ya kutoa utaangukia Niger, ambako nako ni Sahara, kwa hiyo unaweza kutafuta mpaka jioni bila kujua kwamba umekosea nchi.

*Umefaulu ukiona:* mviringo mzima ndani ya skrini moja, ukiwa na nafasi tupu pande zote.

## Hatua ya 3: Soma tarehe kabla ya kusema umeona nini

Picha unayoitazama haikupigwa leo. Mara nyingi si ya mwaka huu. Isitoshe, skrini moja inaweza kuwa imeunganishwa kwa picha za tarehe tofauti, na ndiyo maana unaona mstari ulionyooka: huku majani mabichi, huku makavu.

Tarehe iko chini ya skrini. Ukiwa juu sana haionekani au haina maana, kwa sababu picha ya mbali ni mchanganyiko wa nyingi. Shuka kwanza.

Kisha bofya alama ya saa iliyo kwenye upau wa juu. Utatokea mstari wa miaka, na kila kistari juu yake ni picha moja. Buruta taratibu, usubiri picha ijae kabla ya kusogea tena.

Zoezi zuri hapa ni Ol Doinyo Lengai: -2.764, 35.914. Mlima umesimama kama pia, na kileleni pana weupe. Msomaji wa mara ya kwanza husema ni theluji. Hapana. Mlima una mita 2,962 tu, na kwa Tanzania huo si urefu wa theluji. Lava ya Lengai ina karbonati ya sodiamu kwa wingi. Hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600, chini sana kuliko lava za kawaida, na hutoka nyeusi. Ikishapoa na kunyonya unyevu wa hewa, inageuka nyeupe, wakati mwingine ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo kwenye picha, cheusi ndani ya kreta ni kipya na cheupe ni cha zamani. Ukilijua hilo, picha mbili za miezi tofauti zinakusimulia mlima ulifanya nini kati yake.

Mwaka 2007 ulianza mlipuko mkubwa wa majivu ulioendelea hadi 2008, ukachimba shimo refu mahali ambapo zamani kreta ilikuwa karibu kujaa. Rudi nyuma uone kama rekodi ya eneo hilo inafika huko.

*Umefaulu ukiweza kusema:* "hii ni picha ya mwezi fulani, mwaka fulani," bila kubahatisha.

## Hatua ya 4: Hakikisha shimo ni shimo

Utatazama kreta na macho yatakwambia ni kilima. Hutakuwa wa kwanza.

Macho yetu yamezoea mwanga utokao juu. Kwenye picha yenye kaskazini juu, jua likiwa upande wa kusini, mwanga unaingia kutoka chini ya skrini. Ubongo unageuza kila kitu: bonde linakuwa tuta. Kaskazini ya mbali, kama Ulaya, hali hiyo ni ya kila siku. Kwetu sisi wa karibu na ikweta inategemea mwezi. Juu ya Kilimanjaro, jua la Desemba linaegemea kusini na la Juni kaskazini, kwa hiyo kreta ileile inaweza kuonekana shimo kwenye picha moja na kilima kwenye nyingine.

Dawa ni mbili:

1. Zungusha picha mpaka kusini ije juu. Shika duara la dira lililo juu kulia, ulizungushe. Ukitaka kurudi kaskazini, bonyeza herufi N kwenye kibodi.
2. Soma mwinuko. Sogeza kipanya polepole kutoka ukingoni kwenda katikati, ukitazama namba ya mwinuko wa ardhi chini ya skrini. Ikishuka, ni shimo. Jaribu Ngorongoro: ukingo uko zaidi ya mita 2,200, na ukiingia ndani namba inaporomoka kwa karibu mita 600.

Onyo: ramani ya mwinuko haina undani wa kuona vitu vidogo. Tuta la mchanga au ukuta wa magofu hautabadilisha namba. Kwa hivyo tegemea kivuli, kisha uzungushe picha.

## Hatua ya 5: Tafuta bila namba, kisha pima

Mpaka hapa nimekupa namba. Sasa nakunyang'anya, kwa sababu vitu vingi vya ajabu huvipati kwa namba. Unavipata kwa kujua vinafananaje na vinakaa jirani na nini.

Kitu chenyewe ni mchanga unaohama, karibu na korongo la Olduvai, ndani ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro. Ni tuta moja la majivu meusi ya volkano, lenye umbo la mwezi mwandamo, upana wake kama mita 100. Upepo wa mashariki unalisukuma kuelekea magharibi kwa wastani wa mita 17 hivi kwa mwaka. Watu wamesimika nguzo zenye miaka kuonyesha lilipokuwa.

Fanya hivi:

1. Nenda Olduvai: -2.99, 35.35. Lione korongo kwanza, lile ufa wenye matawi unaokata tambarare. Usiondoke hapo mpaka umelitambua.
2. Shuka hadi upana wa skrini yako uwe kama kilomita 3.
3. Hamia kaskazini mwa korongo, ukisogea kwa mistari, mashariki kwenda magharibi, kisha magharibi kurudi mashariki. Usirukeruke. Usiende zaidi ya kilomita 10 kutoka korongoni.
4. Tafuta alama nyeusi ndogo kwenye ardhi ya rangi ya majani makavu. Ina umbo la mundu, na pembe zake mbili zinaelekea magharibi, kule upepo uendako.

Kivuli cha wingu nacho ni cheusi, lakini wingu lake litakuwa karibu. Mti ni mdogo zaidi na hauna pembe. Boma ni la mviringo uliofungwa na lina njia za mifugo zinazoingia.

Ukishalipata, weka pini. Fungua picha za zamani, chagua moja ya miaka kadhaa nyuma. Utaona pini imebaki na tuta liko nyuma, mashariki. Bofya alama ya rula, pima kutoka ukingo wa mbele wa tuta kwenye picha ya kwanza hadi ukingo uleule kwenye ya pili. Gawa kwa idadi ya miaka.

*Umefaulu ukipata* namba iliyo jirani na 17. Ukipata 60, umepima kutoka pembe hadi mgongoni. Ukipata 2, huenda picha mbili hazikulaliana vizuri. Chukua njia ya gari au mti mkubwa ulio karibu, uone kama nao "umehama". Kama umehama kwenda magharibi, toa umbali huo kwenye kipimo chako kabla ya kugawa kwa miaka; kama ni kwenda mashariki, uongeze.

Kwa kitu cha mbali chenye kanuni hiyohiyo, nenda Nazca, Peru. Mchoro wa ndege mvumaji uko -14.692, -75.149, una urefu wa mita 93. Mistari yake imekwanguliwa kwa kina cha sentimita chache tu, kwa hiyo usitegemee weusi wa wino. Ni kivuli hafifu cha rangi. Anza na barabara kuu inayokatiza pampa, yaani tambarare hiyo, ndiyo itakayokupa mwelekeo, kisha shuka mpaka kimo kisomeke mita 650 hadi 700. Magari yaliyopita zamani nayo yameacha mistari, na mingi inaonekana wazi kuliko ya wahenga.

## Hatua ya 6: Badilisha setilaiti panapohitajika rangi

Google Earth ni nzuri kwa umbo. Kwa kitu kinachobadilika rangi kila msimu, nenda Copernicus Browser.

Ila jua mipaka yake. Nukta moja ya picha ya Sentinel-2 inafunika mita 10 kwa 10 za ardhi. Lile tuta la Olduvai litakuwa kidoa, na ndege wa Nazca hutamwona kabisa. Kitu kiwe na upana wa mamia ya mita au zaidi.

Andika -2.4, 36.0 uende Ziwa Natron. Chagua Sentinel-2 L2A, shusha kiwango cha mawingu kiwe chini ya asilimia 10, kisha fungua kalenda. Chukua siku moja ya Mei na nyingine ya Septemba au Oktoba. Kuelekea mwisho wa kiangazi maji yanapungua, chumvi inazidi, na vijidudu vinavyopenda chumvi vinaipa sehemu ya ziwa rangi nyekundu. Magadi yanaganda juu kwa mabaka. Mwaka wenye mvua nyingi wekundu hauonekani sana, kwa hiyo ukikosa, badilisha mwaka kabla ya kukata tamaa.

Nyiragongo, juu ya Goma, inafundisha kitu kingine: -1.52, 29.25. Kwenye orodha ya mitazamo ya rangi chagua SWIR, inayotumia mawimbi ya infraredi ambayo macho hayayaoni. Tafuta siku isiyo na mawingu kabla ya tarehe 22 Mei 2021, siku mlima ulipolipuka. Ziwa la lava ndani ya kreta linawaka kwenye mtazamo huo hata pale picha ya kawaida inapoonyesha moshi tu. Mawingu ya huko hayana huruma. Itabidi upitie tarehe nyingi.

## Hatua ya 7: Chuja kasoro za picha

Kabla ya kutangaza umegundua kitu, pitia haya:

- Ndege yenye vivuli vya rangi vinavyofuatana. Kamera hupiga rangi mojamoja kwa kupishana kidogo sana, na ndege inakimbia. Ni ndege ya abiria tu.
- Mraba mweusi au mweupe. Kipande cha picha kimekosekana au hakijapakuliwa. Subiri, au badilisha tarehe.
- Mistari iliyonyooka chini ya bahari. Mwaka 2009 watu walidai wameona mji uliozama karibu na visiwa vya Kanari. Ilikuwa njia za meli zilizokuwa zikipima kina kwa mawimbi ya sauti: zilipopita meli kuna undani, pembeni hakuna.
- Mlima uliopakazwa kama rangi mbichi. Umeinamisha picha sana. Bonyeza U itazame tena kutoka juu.

Kigezo changu ni kimoja: kitu kikionekana kwenye picha mbili za tarehe tofauti, kipo. Kikionekana kwenye moja tu, nyamaza kwanza.

## Hatua ya 8: Hifadhi ili mwingine aone ulichokiona

Kupiga picha ya skrini na kuituma hakutoshi. Mtu hawezi kuithibitisha. Weka pini, ipe jina, na kwenye maelezo yake andika tarehe ya picha, kimo na upana uliopima. Bofya pini kwa kitufe cha kulia, hifadhi kama faili la KMZ. Faili hilo linakumbuka hata upande uliokuwa unatazama.

Magofu na makaburi ya kale yasiyo na ulinzi usiyasambaze kwa namba kamili. Kuna watu wanaofuata namba hizo na sururu.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Anayepokea kwenye simu awe na programu ya Google Earth, kisha alifungue kupitia humo. Likigoma, rudi kwenye kompyuta ulihifadhi upya kama KML, umtumie hilo.